Picha Moja ya Uso wa Saimi

Usimguse Ilpo Rautio kwa habari ya kuweka picha mtandaoni. Atakutolea hotuba mpaka kahawa ipoe. Vitu vyake vyote vilikaa kwenye kompyuta yake ya Linux pale sebuleni, mjini Kajaani, mashine aliyoipanga mwenyewe toka juu mpaka chini. Mkewe, Raili, alishamsihi mpaka akachoka: "Ilpo, nitolee japo nakala ya picha za mtoto." Jibu ni lile lile, nitakutolea, kwani mashine inakimbia? Hata meza yake ilikuwa na mguu mfupi, na huo nao alisema ataurekebisha.

Mtoto mwenyewe ni Saimi, binti yao wa pekee, aliyezama ziwani msimu wa baridi uliopita barafu ilipovunjika. Saimi alichukia kamera kama nini! Ukiiinua tu, kajifunika uso kwa glavu. Picha ya uso wake, akicheka na pengo lake la mbele, ilikuwa moja tu. Kila jioni kompyuta ikipumzika, picha zilijipitisha zenyewe kwenye skrini, na hiyo ikifika Raili alimpapasa shavu na kumwambia, "Lala salama, kipenzi."

Siku moja Raili alikwenda makaburini kumwashia Saimi mshumaa. Ilpo akaona amfurahishe, maana mama wa watu alikuwa akilalamika: "Mtoto hata hajamaliza kucheka, unamtoa!" Akazipanga picha upya zikae zaidi, zije na kufifia taratibu. Akafungua folda mpya. Lakini kwa ujanja wake wa kubana nafasi, humo hakuweka picha zenyewe, aliweka njia za mkato tu za kuelekeza zilipo. Kisha akaiandikia mashine amri: anza kuonyesha, subiri kidogo, halafu futa folda ya zamani. Akaenda jikoni kumimina kahawa, anapiga mluzi.

Kikombe hakukimaliza. Alikumbuka zile njia za mkato, akakimbilia sebuleni.

"Mungu wangu. Nimefuta picha zenyewe."

Amri ile haiulizi mara mbili wala haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Na diski alikuwa ameifunga kwa msimbo wa siri, akijisifu kwamba hata fundi hawezi kufukua kitu humo. Zilizobaki ni picha ambazo onyesho lilishazibeba kwenye kumbukumbu yake, na kwa alivyolitengeneza, kipanya kikitikisika tu linajifunga na kusahau yote.

Akachomoa simu, akasimama mbele ya skrini, akawa anapiga kila picha inayopita. Sauna. Mgongo wa Saimi. Glavu za Saimi. Kofia.

"Njoo, mama," alinong'ona. "Baba kakosea. Njoo mara moja tu."

Mlango ukafunguka, Raili akaingia akikung'uta theluji.

"Usiguse meza!" Ilpo alipiga kelele.

"Hee! Nimekuwa mwizi humu ndani?"

"Raili, nakuomba. Usiguse chochote."

"Umefanya nini, wewe mwanaume?"

Akamweleza bila kugeuka, simu kaishika juu. Raili hakufoka. Afadhali angefoka. Alikuja akasimama kando yake na koti lake la baridi.

"Na ile ya pengo?"

"Bado haijapita."

"Lakini imo?"

"Sijui, Raili. Wallahi sijui."

Wakangoja. Mtumbwi ukaja, ukaenda. Glavu tena. Ilpo hakuthubutu hata kuvuta kiti. Kisha kwenye giza la skrini likachomoza paji la uso, taratibu, kama alivyopanga mwenyewe, yakafuata macho, kikafuata kicheko.

"Huyo! Huyo!" Ilpo akabonyeza.

Lakini mkono wa Raili ulikuwa umeshakwenda. Ulizoea, jamani, ulikwenda wenyewe kwenye shavu la mtoto. Meza ikayumba, kipanya kikateleza, na skrini ikawaka nyeupe. Folda mpya ikabaki wazi, majina ya picha yamejipanga humo, na hakuna hata moja lililofunguka.

Ilpo akaigeuza simu. Paji la uso lilikuwepo, na jicho moja. Pale palipokuwa na kicheko palikuwa na mkono wa Raili.

Raili akaisogelea picha ile, kidole mdomoni.

"Nitolee nakala," alisema. "Leo, Ilpo."