Wimbo wa Viggo Mezani

Ndugu yangu Viggo ametunga wimbo kwa kila karamu ya ukoo wetu tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kuusoma kabla ya kuuimba. Ndivyo tulivyo hapa Mors, kisiwani kwetu Denmaki. Karatasi zinagawiwa mezani zimekunjwa, kodiani inaanza, kila mtu anafungua yake na kuimba anachokikuta. Mahadhi tunayajua sote tangu shuleni. Maneno tunakutana nayo yakiwa tayari mdomoni.

Siku ya harusi ya mjukuu wangu Sidsel, mimi niliusoma kabla. Haukuwa ujanja. Mimi husoma polepole, kwa kidole, na wenzangu wakiimba huwa naachwa nyuma. Basi nilimwomba Viggo karatasi yangu mapema, nikaketi nayo jikoni mwa ukumbi wa kijiji huku wapishi wakikata nyama ya nguruwe.

Beti mbili za kwanza zilikuwa za Sidsel, alivyotumbukia mtaroni akimkimbia bata bukini. Nikacheka. Ubeti wa tatu ukaingia kwa bwana harusi. Pavia ni mtu wa Grinlandi, kule kwenye barafu kulikо chini ya Denmaki, naye ni fundi wa injini za boti hapa bandarini kwetu. Wimbo ulisema tufunge makabati ya pombe, jamaa zake wamefika. Ulisema mkate wao tunawanunulia sisi kwa kodi zetu. Ubeti wa tano siuandiki hapa. Ulikuwa juu ya wanawake wa kwao.

Na mama yake Pavia, Ivalu, alikuwa ukumbini, kaketi ubavuni kwa mwanawe na lile vazi lao la shanga mabegani. Naye angepewa karatasi. Naye angeimba, maana kwetu mgeni haachi kuimba mezani. Angejitukana kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mwanawe, na sisi tukishangilia. Hilo ndilo lililoniinua kwenye kiti.

Viggo aliingia kuchukua kikapu cha karatasi.

"Ubeti wa tatu mpaka wa tano unazitoa," nikamwambia.

"Sizitoi, dada. Huo ni utani wa harusi."

"Utani una mtani wake. Huyu mama hata salamu hujampa."

"Basi si utani. Ni maoni yangu, na nchi hii mtu husema anachofikiri. Wakati wa vita Baba alifungwa na Wajerumani kwa karatasi alizokuwa akigawa. Umesahau?"

"Nisahau vipi? Mimi ndiye niliyekuwa namngoja dirishani. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Sasa binti yake ndiye anataka kunifunga mdomo mimi."

Hapo alinigusa. Jiko lilikuwa linawaka, kikapu kiko mezani, na wapishi wangenisaidia kuzichoma karatasi zote ningewakonyeza tu. Nikakaa nikafikiri. Mimi sina haraka, wala nyama ya watu mia haiivi kwa haraka. Alikuwa na haki yake, hilo sikuweza kulikataa. Lakini haki hiyo ilikuwa imepita mdomo wake na kuingia kwenye midomo yetu.

"Sikufungi," nikasema. "Imba. Ila mdomo wangu ni wangu, na wa Ivalu ni wake."

"Maana yake nini?"

"Nenda ukale, Viggo. Na ile chupa uliyoficha chini ya kiti chako, isukume ndani kidogo, inaonekana."

Baada ya nyama na viazi, Preben, mshereheshaji wetu, akagonga bilauri. "Sasa wimbo wa mjomba Viggo." Karatasi zikapita. Kabla kodiani haijapata pumzi, nikasimama. Sikuwa nimewahi kusema neno kwenye karamu.

"Jamani, leo tusome kwanza. Tusome mpaka chini. Atakayeyapenda maneno aimbe na Viggo. Asiyeyapenda anyamaze, na hakuna atakayemwona hana adabu."

"Bibi, haijawahi kufanywa hivyo," Preben akasema.

"Ndiyo. Leo tunafanya."

Wakasoma. Nilikuwa namtazama Ivalu. Alisoma mpaka mwisho, uso haukubadilika, akailaza karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Pavia akataka kuinuka. Mama yake akamshika mkono wa koti. Sidsel alikuwa ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeutunga.

Kodiani ikaanza. Ubeti wa bata bukini tuliuimba, hata mimi. Wa tatu ulipofika, sauti zikaanguka moja moja, mpaka ikabaki moja. Viggo hakuwa ameisikia sauti yake peke yake kwa miaka mingi, nadhani. Ilikuwa sauti ya mzee, nayo ilikwaruza. Aliimba wa tatu. Aliimba wa nne. Katikati ya wa tano akasema, "Uliobaki mmeshausoma wenyewe," akachukua koti.

"Kaa, Viggo," nikasema.

"Nimeshasema yangu."

"Ndiyo maana ukae."

Ivalu alikuwa amesimama. Kidenmaki chake kilikuwa safi kuliko changu.

"Kwetu zamani watu wakigombana waliimbana," akasema. "Unamwimba mwenzako na ubaya wake wote, watu wanacheka. Lakini yupo mbele yako, na zamu yake inafuata. Anayekimbia zamu ya mwenzake ndiye aliyeshindwa. Nipeni lile sinia."

Wakampa sinia tupu na mwiko. Akawa analigonga ukingoni, taratibu, akikunja magoti kidogo, macho kwa Viggo.

*Kanitafutia chupa, mezani hakuiona,*
*Yake i chini ya kiti, na kila mtu aona,*
*Kawika kama jogoo, kuku wote wamenuna,*
*Kwetu uje uwikie, dubu wapate kunona.*

Preben ndiye aliyeanza kucheka, akaficha uso kwenye kitambaa cha meza. Kisha meza ya wavuvi, kisha ukumbi mzima. Pavia alicheka mpaka akaegemea bega la Sidsel. Viggo alisimama na koti mkononi, shingo imekuwa na rangi ya ile kabichi nyekundu sahanini mwake. Nilijua akitoka mlango ule hatarudi, na nilijua nimemsimamisha mimi. Sikuondoa macho kwake.

Akakaa.

"Mizani imekaa sawa," akamwambia Ivalu, bila kumtazama.

"Yako ilichechemea ubeti wa nne."

"Ilichechemea," akasema.

Hakuomba radhi, wala hajaomba mpaka leo. Yale maoni anayo bado. Hunieleza Jumapili akinywa kahawa yangu, nami humjibu, na kahawa hummiminia. Husema niliharibu karamu za ukoo. Hilo nalo aliseme.

Masika haya mtoto wa Sidsel alibatizwa, na Viggo akaja na kikapu. Karatasi zikapita. Hakuna aliyeimba. Tulifungua, tukasoma kimya mpaka chini, mimi na kidole changu wa mwisho, naye amesimama kando ya kodiani anatungoja, kofia inazunguka mikononi.

Ivalu akavua miwani, akaiweka mezani.

"Haya," akasema. "Piga kodiani."