Nailoni Chini ya Pamba

Dari la chumba kipya lilianza kudondosha maji, na mvua haijanyesha. Tone la kwanza liliangukia mto wa Kheir, mto ambao hajaulalia.

Kheir alikuwa Norwei, akijenga nyumba za watu. "Chumba kikisha, nnarudi," alimwahidi mkewe, Riyama, na chumba kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni yeye kutaja siku.

Riyama alitega beseni, akamwita fundi Silima, aliyeezeka nyumba yao pale Mkokotoni.

"Bati langu halivuji, Bi Riyama," Silima alisema kabla hajavua viatu. "Labda dari linamlilia mwenyewe."

"Panda kwanza. Utani baadaye."

Silima alifungua ubao mmoja wa dari. Riyama naye akapanda ngazi, akapeleka mkono. Bati lilikuwa kavu. Tabaka la juu la pamba ya kuzuia joto, kavu. Tabaka la chini limelowa chepechepe, na chini yake ile nailoni waliyoinunua sokoni Darajani imebeba maji kama sinia.

"Niitoe?"

"Usiguse."

Kazi ile aliielekeza Kheir mwenyewe, kwa video. Uso wake haukuonekana, ila mikono tu, ikitandaza nailoni upande wa chumbani, kisha pamba juu yake. Riyama aliitazama video hiyo hata baada ya fundi kumaliza.

Alimpigia Kheir simu, akamweleza alichokigusa, tabaka kwa tabaka.

"Kiyoyozi mnawasha?" Kheir aliuliza.

"Mchana kutwa. Nataka kuizoea baridi yako."

Kheir alicheka.

"Huku joto limo ndani," alisema. "Nailoni tunaiweka chini, mvuke wa chumbani usipande kwenye pamba. Huko joto liko juu, chini ya bati. Ile hewa ya unyevu inapenya kwenye pamba, ikiikuta nailoni ina baridi, inageuka maji. Ilitakiwa ikae juu ya pamba." Sauti yake ikashuka. "Riyama, nimesahau kwetu joto linatoka upande gani."

"Basi nikuachie, uje uigeuze mwenyewe?"

Alisubiri. Mtu alimwita Kheir kwa lugha ya huko, naye akamjibu upesi, bila kutafuta maneno.

"Mwambie Silima aigeuze," alisema aliporudi kwenye simu. "Na hiyo pamba iliyolowa muitupe."

Riyama aliizima simu, akakizima na kiyoyozi, akafungua madirisha. Joto likaingia.

"Kasemaje?" Silima aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Itoe. Iende juu ya pamba."

"Na mwenyewe anakuja lini?"

"Chumba si hakijaisha?" Riyama alimjibu. "Wewe huoni?"

Akauchukua mto wa Kheir, akatoka kwenda kuuanika juani.