Pacha wa Kwenye Karatasi

Shule mbili za Bangkok zilikuwa zimeshamkataa Miradie kabla hajapanda ndege. Ya kwanza, ile ya Waingereza, ilileta barua yenye adabu na masikitiko tele. Ya pili, ile ya Wamarekani, haikujisumbua kusikitika. Ilisema tu kwamba haina mwalimu wa watoto wenye mahitaji kama yake. Zote mbili zilimtaka Serge, kaka yake. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 2005, na juu ya meza ya chakula ya Anne, pale Thornton Heath, vijitabu vya shule vilikuwa vimetapakaa, kila ukurasa bwawa la kuogelea na watoto wanaocheka. Anne alishaanza kuwachukia watoto wale. Alibakiwa na shule moja tu, ya masista, na mkuu wake alikuwa anakuja London Jumamosi kuonana na familia zinazohamia huko.

Mumewe, Fortunat, alisomea uhandisi wa maji kule Bukavu, kisha London ikampa ufagio. Miaka sita alisafisha ofisi za watu kabla ya shirika moja la misaada kugundua kwamba mtu huyu anajua kuchimba visima. Sasa lilikuwa linampeleka Bangkok kwa miaka minne, pamoja na nyumba na ada ya watoto wote wawili. Sharti lilikuwa moja. Jina la shule ya kila mtoto lifike ofisini kabla ya mwezi kwisha, maana bila shule mtoto haombewi viza. Asiye na shule anabaki, na kila mtu pale nyumbani alijua ni nani huyo, ila hakuna aliyethubutu kumtaja.

Kilichokuwa kikimponza Miradie ni ripoti. Mtaalamu aliyetumwa na shule yake ya msingi alikaa naye asubuhi mbili, akaandika kurasa saba, na sentensi iliyomnyima Anne usingizi ilikuwa ya ukurasa wa pili: binti huyu ana miaka kumi na mmoja, lakini anasoma, anahesabu na kufikiri kama mtoto wa miaka tisa.

Yule mtaalamu alikuwa hodari kweli. Miradie alikuwa na miaka tisa.

Ngoja nikueleze, maana mambo haya hayakuanzia Bangkok. Mwaka 1998 Anne na Fortunat walikwama Nairobi na watoto wawili, Serge wa miaka minne na nusu, na Miradie aliyetimiza mitatu wiki ileile. Serge alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Miradie hakuwa nacho, kwa sababu alizaliwa wakati ambao watu wa Bukavu walikuwa na mengine ya kushughulikia kuliko kupanga foleni ya vyeti. Na unajua watu wanaongoja safari walivyo: kila mmoja ni wakili. Mmoja wao, ambaye hata uwanja wa ndege wa Nairobi wenyewe alikuwa hajauingia, aliapa kwamba Ulaya mtoto asiye na karatasi hunyang'anywa mama yake palepale anapotua. Ulikuwa upuuzi mtupu. Lakini Anne alikuwa ameshazika watu wengi mno mwaka ule, hakuwa na nguvu ya kupima upuuzi. Basi yule bwana akawapa dawa: semeni ni mapacha, cheti cha mmoja kitawabeba wote, cha pili kiliungua na nyumba.

Wakasema hivyo. Ofisa aliyewahoji London alimtazama yule msichana mwembamba, akauliza mbona mdogo hivi. Anne akajibu kwamba aliugua sana. Ikaandikwa, tarehe moja ya kuzaliwa kwa watoto wawili.

Uongo ule ungeweza kufa ukiwa mchanga, lakini wenzao wa kanisani waliunenepesha. Wakongo waliposikia kwamba mama huyu amefika na mapacha, walimpigia vigelegele. Kwa watu wale mama wa mapacha si mama wa hivihivi. Ana nyimbo zake, ana kiti chake cha mbele, na jina lake la kwanza linasahaulika. Anne akawa Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha kwa Kilingala chao. Rafiki yake Armelle wa Walthamstow akawashonea watoto nguo za kitambaa kimoja, na kila mwaka mwezi wa tatu parokia nzima ikala keki ya siku ya kuzaliwa ambayo kwa Miradie haikuwa yake. Ungemwambia nini Anne? Asimame katikati ya nyimbo aseme samahanini, nilidanganya? Akafyata ulimi. Kisha uraia ukaja, na pasipoti, na ile tarehe ikaingia humo ndani chini ya muhuri wa serikali.

Aliyelipa ni mtoto. Kila mwaka Miradie aliingia darasa la watoto waliomzidi karibu miaka miwili, akakimbizana na masomo ambayo hayakuwa ya umri wake, na kila mwaka akatolewa darasani na kukalishwa na mwalimu wa wanaochelewa.

Siku nne kabla ya kuonana na sista, Anne alikwenda Rayners Lane kwa Nurjehan, mfanyakazi mwenzake Fortunat, Mhindi wa Mwanza ambaye aliwahi kukaa Bangkok na wanawe. Nurjehan alimkalisha jikoni, akamwandalia chai na bakuli la chevda ya kutafuna, akaanza kumfunda.

"Mama Serge, nisikilize vizuri. Hapa London unatafuta nyumba halafu shule. Bangkok ni kinyume. Foleni ya magari kule inamla mtoto saa tatu kila siku, kwa hiyo unachagua shule kwanza, halafu unatafuta nyumba pembeni yake. Usidanganyike na mabwawa ya kuogelea. Uliza walimu wanakaa miaka mingapi. Shule ambayo walimu wanakimbia kila mwaka, wewe nawe kimbia."

"Na huyu sista ni mutu wa namna gani?"

"Sista Bernadette? Wanangu wote wamepita kwake. Huyo hasomi ripoti, anamsoma mtoto." Nurjehan akapunguza sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Ila usimpelekee uongo, dada yangu. Kuna mzazi alileta cheti cha kughushi, mtu mkubwa tu, sista akamrudisha yeye na mtoto wake siku hiyohiyo. Kwa mambo ya karatasi hana mchezo."

Anne alirudi na treni roho ikiwa juu juu. Alikuwa amekwenda kutafuta mlango, akapewa ukuta. Jioni ile, watoto walipokuwa wakitazama televisheni, alimvuta Fortunat jikoni.

"Baba Serge, tumwambie sista ukweli."

"Uko na wazimu? Ukisema kwa sista, sista ataandika kwa shirika, shirika litauliza kwa serikali. Batatunyang'anya pasipoti. Batatunyang'anya kazi. Myaka sita tunafagia, sasa ndiyo unataka kubomoa?"

"Na mutoto?"

Fortunat alinawa mikono ambayo haikuwa michafu. Si mtu mbaya, Fortunat. Usije ukamchukia bure. Alikuwa mtu aliyewahi kupoteza kila kitu mara moja, na aliapa isitokee mara ya pili. "Armelle atamulea muzuri," alisema. "Ni myaka mine tu."

Jumamosi saa nne walikuwa Victoria, katika nyumba ya wageni ya masista, wote wanne wamevaa kama watu wanaokwenda kubatizwa. Sista Bernadette alikuwa mama wa Kiairishi mwenye viatu vya kamba na macho yasiyopepesa. Aliwachukua watoto chumba cha pili, akakaa nao zaidi ya saa moja. Anne alisali rozari mbili, na katika zote mbili alisahau amefika fumbo gani.

Sista aliporudi alifunga mlango nyuma yake, watoto wakabaki kule.

"Serge hana tatizo," alisema. "Nafasi yake ipo." Akaketi, akakunja mikono. "Huyu binti yenu amenishangaza. Ameniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza. Nimempa hesabu za watoto wa miaka tisa, amezimaliza kabla sijanywa nusu ya chai yangu. Nimempa za miaka kumi na mmoja, ameanza kulia."

Anne alisogea ukingoni mwa kiti.

"Angekuwa na miaka tisa," sista akaendelea, "ningemchukua leo kwa mikono miwili, na angekuwa wa kwanza darasani. Lakini siwezi kumweka msichana wa kumi na mmoja na watoto wa tisa. Watamcheka mpaka wamvunje. Na kumweka na wenzake wa rika lake ni kumtesa." Akamtazama Anne moja kwa moja. "Mama, kuna jambo lolote kuhusu mtoto huyu ambalo sijaambiwa?"

Chini ya meza, kiatu cha Fortunat kilikanyaga kiatu cha Anne. Hakikukanyaga kwa nguvu. Kilitua tu pale, kikakaa.

Anne alifungua mdomo. Neno lilikuwa ulimini, lenyewe hasa, dogo na jepesi, na mlango ambao alikuwa akiutafuta tangu mwezi wa pili ulikuwa wazi mbele yake na sista ameushikilia. Akaiona pasipoti. Akaona uwanja wa ndege, na mtu wa kaunta akimvuta Miradie mkono.

"Hapana, Sista," alisema.

Mimi sitamtetea. Alikuwa mwoga, na yeye mwenyewe alijua, na sista pia nadhani alijua, kwa sababu alingoja kidogo kabla ya kufunga faili.

Treni ya kurudi haikuwa na watu wengi. Fortunat alikaa na Serge upande mmoja, Anne na Miradie upande wa pili, wakiangaliana magoti kwa magoti. Walikuwa wamepita Clapham Junction Miradie alipofungua mdomo. Watoto wale walizungumzishwa Kiswahili wakajibu Kiingereza, ndivyo nyumba ile ilivyokwenda, na Kiingereza cha Miradie kilikuwa cha haraka na cha mtaani.

"Hakunitaka, eti?" alisema akitazama nje. "Msijali. Nitakaa kwa Tantine Armelle. Ana mbwa."

"Miradie..." Anne alianza.

"Ni sawa, Mama. Mapacha ndivyo walivyo. Mmoja anachukua akili zote tumboni, mwingine anazaliwa mjinga. Serge aliniambia. Siyo kosa lake."

Serge aliinamisha kichwa. Alikuwa amesema hivyo kwa utani, zamani, na hakujua kwamba mwenzake alilichukua likawa elimu.

Kitu kilikatika ndani ya Anne. Hakuamua, ningekwambia aliamua ningekudanganya. Alimgeuza mtoto kwa mabega yote mawili.

"Sikia miye. Weye hauko mujinga. Hauko pacha wa mutu. Uko na myaka kenda."

"Anne!" Fortunat aliruka. "Batu banasikia!"

"Basikie!"

Akaeleza yote, kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika, kuanzia Nairobi, cheti kimoja, yule bwana na dawa yake, ofisa na kalamu yake. Bibi mmoja kiti cha jirani alijifanya anasoma gazeti. Fortunat alikuwa amefunika uso kwa mikono. Serge alikuwa akimtazama dada yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Miradie alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akihesabu, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo mimi ni wa Year Four?"

"Year Four, darasa la myaka kenda."

"Zile hesabu za leo, zile nyepesi. Zilikuwa ndizo zangu?"

"Zilikuwa za kwako. Ulizikula zote. Sista anasema ungekuwa wa kwanza."

Uso wa mtoto ulifunguka. Hata Anne, aliyemzaa, hakuwahi kuuona umefunguka namna ile. Akapata nguvu, akamgeukia mumewe.

"Siku ya kwanza, Jumatatu, ninaenda kwa avoka, wakili wa mambo ya karatasi. Nitasema yote, tarehe ya kweli, mwezi wa kumi na moja. Bakitaka kunyang'anya pasipoti, banyang'anye yangu, miye ndiye nilisema uongo. Weye enda na Serge, mungoje kule. Miye ninabaki na uyu mpaka karatasi yake inyooke. Kama hainyooki, ninabaki naye tu."

"Utatuua," Fortunat alisema ndani ya viganja vyake. Lakini hakusema hapana.

Treni ikapita Balham, ikapita Streatham. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba kifua cha Anne kilikuwa chepesi. Akanyoosha mkono amkumbatie binti yake.

Miradie aliuepuka ule mkono. Furaha yake ilikuwa imesimama njiani, na mahali pake palikuwa pamekuja kitu kingine, polepole, mtoto akipanga mambo mstari kwa mstari kama alivyokuwa akipanga hesabu.

"Mama, ngoja," alisema. "Krismasi uliponitoa kwenye kwaya. Ulisema mpaka nijue jedwali la kuzidisha la nane kama Serge. Nilikuwa nalia chooni nikisema jedwali la nane. Ulikuwa nje ya mlango, nilikuona miguu."

Anne alirudisha mkono wake mapajani.

"Wakati ule ulikuwa unajua?"

Angeweza kumwambia habari za vita. Angeweza kumwambia juu ya uwanja wa ndege na mikono ya watu. Mtoto alikuwa akimtazama tu, na alikuwa na miaka tisa.

"Nilikuwa ninajua," Anne alisema.