Limbuko la Abeli

Mama yake Abeli hakuomba ruhusa ya mtu. Jumapili asubuhi aliona kitabu cha mwanawe juu ya meza, kipya, bado kinanukia wino, akakifunga kwenye kitenge pamoja na mayai. Abeli alipoamka akakiulizia, kilikuwa kimeshatangulia kanisani.

Sasa utamlaumu nani? Kibakwe kila mtu anajua kwamba cha kwanza ulichovuna unampelekea Mungu. Ukivuna maharage, maharage. Kuku wako akitaga, mayai. Mama Dorkasi ana mtoto mmoja aliyesoma, huyo Abeli, anafanya kazi wizarani kule Mtumba, na mtoto huyo amevuna kitabu. Mlitaka apeleke nini? Na limbuko likishaombewa linapigwa mnada pale nje baada ya ibada, hela inabaki kanisani. Ndivyo ilivyo miaka yote.

Abeli alifunga vifungo vya shati huku anakimbia. Na niseme mapema, maana mimi sipendi kuzungusha maneno: hakukimbia kwa furaha, aliogopa. Dodoma mjini walikizindua kitabu hicho kwa keki na maikrofoni, akapiga picha, akasaini hadi mkono ukamuuma, wala jasho halikumtoka. Huko hakuna anayemjua Mama Sila.

Mama Sila ni jirani yao wa tangu na tangu. Mwaka ule wa njaa alimwacha mwanawe, huyo Sila, kwa mama mkwe, akavuka milima kwa miguu kwenda upande wa Kilosa kutafuta mahindi. Alirudi na debe kichwani akakuta mtoto ameshazikwa. Hilo peke yake lingetosha kumuua mtu. Lakini kijiji kilikuwa kimeshaamua: kapanda lori la vitunguu, katoroka na dereva, na dereva alipomchoka akamtupa, ndipo akarudi. Hata yale mahindi wakasema kahongwa. Maneno hayo yakamfuata kisimani, msibani, hadi kwenye kwaya, na hakuwahi kumjibu mtu. Ila likizo moja Abeli alipokuja, walikaa wakimenya karanga, mama huyo akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Alilia. Kisha akamwambia, "Wewe unaandika. Na habari yangu iandike."

Abeli akaandika, na mara ya kwanza aliandika vilevile alivyosimuliwa. Mhariri akamrudishia mswada. Mzuri, akasema, ila mwisho umepoa, hauna chumvi. Mwanamke anarudi tu na mahindi? Abeli akasumbuka wiki nzima. Kisha akampandisha lori. Akambadilisha jina, akamkalisha kando ya dereva, upepo unampiga usoni, na hakumrudisha tena. Mhariri akafurahi mno. Abeli naye akajipa moyo: majina nimebadilisha, na Kibakwe nani ananunua riwaya? Msomi mzima, ovyo kabisa.

Alipofika kanisani kitabu kilikuwa mbele, kati ya maboga na jogoo aliyefungwa miguu. Nani atainuka katikati ya ibada akachukue kitu alichopewa Mungu? Akakaa. Mchungaji akakiombea kiwafikie wengi, watu wakaitikia amina, Abeli akabaki anatazama viatu vyake.

Nje, mpiga mnada alikuwa Mzee Obedi, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Jamani, maboga mmemaliza, jogoo kaenda! Sasa kuna limbuko hatujapata kuliona tangu tuezeke kanisa hili. Kitabu! Cha mtoto wetu! Nani anaanza?"

"Elfu mbili!" Alikuwa Mama Sila, amesimama mbele kabisa na kitambaa chake cheupe kichwani, anatabasamu.

"Elfu tano," akasema Abeli.

Watu wakaangua kicheko. "Mwenyewe huyo! Anajinunua!" Mama Sila naye akacheka, akapandisha. Abeli akapandisha tena. Wakaenda hivyo, huyu akisema na huyu akisema, mpaka kicheko kikaanza kupoa na mtu mmoja akapaza sauti, "Abeli, utani basi, mwachie mama!" Mama Dorkasi alimkazia mwanawe macho. "We mtoto, una nini leo?"

Mama Sila akafungua pindo la kanga, akachungulia, akalifunga pole pole. Abeli alishusha pumzi. Kumbe mapema! Akina mama wa umoja wa kanisa walishamzunguka mwenzao, huyu anatoa jero, huyu noti, na vigelegele juu. "Tunamchangia! Hiki ni cha Mama Sila!" Mzee Obedi akapiga meza. Kimekwenda.

Abeli alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilipokataa, akamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Aisee, leo umenitoa jasho!"

"Mama, nipe hicho nikusomee mwenyewe. Nitakuja jioni." Alikuwa amepanga, Mungu amsamehe, kumsomea maneno ambayo humo hayamo.

"Aka! Hakisomwi nyumbani kwangu. Nimeshaongea na wenzangu. Alhamisi kwenye umoja mama yako atakisoma chote, kwa sauti, na wote wawepo. Hasa wale." Akakibana kitabu kifuani. "Miaka yote hii, Abeli, nangoja mtu mwingine aseme kwamba nilirudi."

Abeli akageuza uso. Mama Sila alimtazama, akaendelea kumtazama, na furaha ikaanza kumtoka usoni.

"Si umeandika nilirudi?"

Angeweza kusema ndiyo. Angesema ndiyo, kesho akapanda basi, Alhamisi ikamkuta Mtumba ofisini kwake. Lakini alikuwa amechoka kuogopa.

"Hapana, mama. Humo hukurudi. Kuna lori."

"La vitunguu?"

"Ndiyo."

"Na dereva."

"Ndiyo, mama."

"Nilikukosea nini, Abeli?"

Aliitafuta ile habari ya chumvi na mwisho uliopoa, akaona aibu kuitoa mdomoni. "Hujanikosea. Waliniambia hivyo ndivyo kitapendwa."

Mama Sila hakulia wala hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alirudi mezani, akakiweka kitabu mbele ya Mzee Obedi.

"Kipige tena mnada," akasema. "Hela yenu ibaki kwa Mungu. Habari iliyomo humu naijua."

Akajitanda kanga vizuri, akashika njia ya kwake. Mama Dorkasi alimwita mara mbili, asigeuke.

Mzee Obedi hakuelewa kitu, naye haikuwa kazi yake kuelewa. Alikiinua kitabu, akakigeuza, akakisogeza mbali na macho ili aone maandishi ya nyuma. "Jamani, bahati imerudi! Sikilizeni wenyewe: njaa, mwanamke mzuri, na dereva wa lori la vitunguu! Haya, nani anaanza?"

Watu walitazamana. Wengine waligeuka kuitazama njia aliyoshika Mama Sila. Kisha mikono ikanyanyuka, mingi, hata ya wasiojua kusoma.