Ntumba Chini ya Mcheri

Haya niliambiwa na Cornelia, mke wa Leonsi, Jumapili moja ya Desemba mwaka 1995, alipokuja kunitembelea. Tulikuwa tumetoka misa, tumekaa barazani kwangu Kizwite tunachagua mawe kwenye ulezi. Hakulia. Alichagua na kusema, akachagua na kusema.

Leonsi alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya wageni ya shirika moja hapa mjini, miaka kumi na mitatu. Mzungu mmoja mjenzi wa barabara, ambaye jina lake lilitushinda wote hata tukamwita Bwana Mrefu, ndiye aliyepanda ule mti uani. Alisema ni mcheri, mti wa maua tu, hauzai kitu. Kwao watu hutoka majumbani wakaenda kuutazama, halafu wanarudi zao. Hilo lilituchekesha mwaka mzima. Wapita njia walikuwa wakimwuliza Leonsi mke wake wa pili atajifungua lini.

Bwana Mrefu alipoondoka alimwachia msumeno mdogo na masharti. Kiangazi aumwagilie ndoo mbili kila jioni. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu la shina, pale miti miwili ilipounganishwa, ayakate, maana hayo ni ya mti mwingine uliotumika kama mguu. Na shina, pale linapoingia ardhini, aliache wazi lipigwe upepo, asilifukie hata kidogo. Leonsi aliyashika yote kama katekisimu. Kila Agosti, baridi ikianza kulegea, mti ulitoa maua ya waridi, machache, kama mtu anayecheka huku amefunga mdomo.

Ndipo mashirika yakaanza kuuzwa. Nyumba ile akainunua Urbano, mfanyabiashara wa mahindi, ambaye alisoma na Leonsi darasa moja. Mkewe, Edith, aliipenda bustani. Akasema binti yao ataolewa Agosti na sherehe itakuwa chini ya mcheri, lakini mcheri uliojaa, si vile viua vya kuhesabika. Mti ukijaa, Leonsi atabaki na kazi yake na chumba chake cha uani. Usipojaa, Urbano atafyeka uwanja wote ajenge ghala. Na Leonsi na Cornelia, na watoto wao watatu, hawakuwa na kwao pengine. Kile chumba cha uani ndicho kilichokuwa kwao.

Hapa Cornelia aliweka ungo chini. Akaniambia wazo lilikuwa lake.

Ilikuwa Februari, mvua ingali inanyesha. Sisi Wafipa tukitaka ardhi itoe tunalima ntumba. Unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazigeuza ziangalie chini, unalundika mpaka lundo linakufika magotini. Nyasi zinaozea humo ndani, na msimu unaofuata ulezi unastawi mpaka unashangaa. Hiyo ndiyo mbolea iliyotulea. Cornelia akamwambia mumewe kwamba mti ule una njaa, miaka yote hiyo unanyweshwa maji matupu. Leonsi akasema Bwana Mrefu alikataza.

"Baba Luciana," akamwambia, "yule alijua kujenga barabara. Udongo wa Ufipa alifundishwa na nani?"

Leonsi akacheka. Kesho yake walilima pamoja, yeye na jembe, mkewe anabeba nyasi, wakaulundikia mti mpaka kovu halionekani. Ilikuwa ntumba nzuri, anasema Cornelia, ya mviringo, hata mama yake angeisifia.

Agosti ilipofika mti ukachanua. Sikuambiwa hili, nililiona mwenyewe, maana nilikwenda kuchungulia kama wengine. Ulikuwa maua matupu toka juu mpaka chini. Harusi ikapigwa picha pale. Edith akampa Cornelia kitenge. Urbano akamwekea Leonsi mkono begani mbele ya wageni, akasema huyu ni mwenzangu, haondoki hapa.

Maua yakapukutika, majani yakachelewa. Yaliyokuja yalikuwa madogo kama sikio la panya, nayo yakanyauka. Gundi ikavuja shinani. Leonsi akaongeza maji. Oktoba Urbano akamleta bwana shamba, akaifukua ile ntumba. Huko chini gome lilikuwa jeusi, limelainika, linabanduka kwa kidole. Bwana shamba akasema kuna miti ikiona inakufa humwaga maua yote kwa mara moja.

Urbano amekulia kijijini kama sisi. Alipoona nyasi zimegeuziwa chini hakuuliza ni kitu gani. Aliuliza ni nani.

"Ni ujinga wangu," Leonsi akasema.

"Umeulimia kama ulezi? Leonsi, tulikaa dawati moja, hukusikia hata kimoja tulichofundishwa?"

Cornelia alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Akafungua mdomo. Mumewe akamtazama mara moja tu, naye akaufunga.

Wakapewa mpaka Ijumaa. Walitembea tangu alfajiri, watoto wamebeba masufuria, wakafika kwa Dominiko, kaka yake Cornelia, mchana. Dominiko akawapa banda lake la mahindi. Akamwambia shemeji yake asiwe na wasiwasi wa kukaa bure, mvua zikikolea watalima ntumba pamoja. Hakuwa ameambiwa kilichoua mti.

Watoto wakalala palepale juu ya magunia, jua likiwa bado juu. Leonsi akajilaza na viatu vyake. Cornelia akamwuliza kwa nini hakumtaja.

"Ningekutaja, mti ungefufuka?"

Akageukia ukutani, na punde akawa anakoroma. Cornelia anasema afadhali angemtukana, angejua pa kuanzia. Alikaa akimsikiliza, kile kitenge cha harusi kiko magotini, hajakishona mpaka leo. Kisha akajiegemeza kwenye gunia, na usingizi ukamchukua bila yeye kuuomba.