Mbegu za Kurudishia

Verediana hakuwa mtu wa kuvumilia mapengo shambani. Kule kwao Mufindi, shamba lenye mapengo humsema mwenyewe: wapita njia wakiona mashimo matupu husema mama huyu mvivu, au mbegu amezipika akala. Naye alikuwa na kinyungu kimoja tu, kipande cha bondeni kinacholimwa kwa matuta wakati wa kiangazi, na kilionekana chote kutoka barabarani.

Miaka miwili mfululizo sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilishuka bondeni alfajiri ya Julai, ikayaunguza mahindi yake yangali machanga. Shemeji yake Ambrosi, msemaji wa ukoo tangu mume wa Verediana afariki, akatoa neno: yakiungua na mwaka huu, kinyungu kinapandwa mikaratusi. Kila mtu anajua mkaratusi ukishaingia bondeni hunywa maji mpaka chemchemi inakauka, na hapo kilimo kimekwisha.

"Miti haiogopi baridi, shemeji," Ambrosi alimwambia kwa upole. Upole huo ndio uliomuudhi Verediana kuliko neno lenyewe.

Mwishoni mwa Mei akaja Goodness, binti wa kaka yake, anayesomea kilimo Mbeya. Alikuja na kamba ya kupimia, daftari, na dumu la maji yaliyotiwa homoni.

"Shangazi, mmea wenyewe huitengeneza hii ukipata shida," alieleza huku akimimina mahindi kwenye beseni. "Sisi tunaloweka mbegu ndani yake, ili mche uanze maisha ukiwa umeshapewa taarifa. Baridi ikija inaukuta umejiandaa, majani hayaharibiki upesi. Ni ndugu yake aspirini."

"Kwa hiyo mahindi yangu yanaumwa kichwa?"

"Tunayatibu kabla hayajaumwa."

Matuta kumi ya kulia yakapandwa mbegu za homoni. Kumi ya kushoto yakapandwa mbegu zilizolowekwa maji matupu, ili Goodness apate kulinganisha. Mbegu za homoni zilizobaki zikaanikwa kivulini, zikafungwa kwenye kitambaa. Binti akarudi chuoni akiacha agizo moja tu: "Shangazi, usibadilishe kitu."

Verediana aliitikia kwa moyo safi kabisa. Lakini matuta ya kushoto yaliota kwa kusuasua, na Jumapili moja baada ya misa akina mama walisimama barabarani wakayatazama yale mashimo matupu, wakatikisa vichwa. Mama wa watu angefanya nini? Jumatatu asubuhi alishuka na jembe, akarudishia, akipanda upya kila shimo lililokufa. Kurudishia si kubadilisha, alijiambia, ni usafi tu, kama kufagia uwanja. Na mbegu alizokuwa nazo ndani ni zile za kitambaani.

Sakitu ilishuka wiki ya tatu ya Julai. Goodness alipopigiwa simu akapanda basi, na Ambrosi naye akateremka bondeni kuja kuona kwa macho yake.

Kulia, mahindi yalikuwa yameungua ncha tu. Kushoto mengi yalikauka kabisa, lakini katikati yake mengine yalisimama kijani, hapa mawili, pale matatu. Goodness alihesabu tuta kwa tuta, na kadiri alivyohesabu ndivyo uso ulivyozidi kumshuka.

"Sielewi, shangazi. Haya hayakupata homoni, na yaliyopona ni mengi mno. Labda upande wa kulia una joto kidogo. Siwezi kusema homoni imefanya kazi."

Ambrosi akakohoa. "Nusu imeungua, na dawa haina uhakika. Basi ni mikaratusi."

Verediana alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Akinyamaza, kinyungu kimekwenda. Akisema, binti wa kaka yake atajua nani aliyemharibia kazi ya mwaka mzima. Lakini mficha uchi hazai.

"Nilirudishia," alisema. "Kwa zile mbegu za kwenye kitambaa. Nisamehe, mwanangu. Niliona haya."

Goodness alimkodolea macho. Kisha akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuhesabu majani. Kila mche uliokauka ulikuwa na majani matano, na kila mche wa kijani matatu.

"Yote ya kijani ni ya kurudishia," alisema taratibu. "Shangazi, umeniharibia jaribio! Yana umri mdogo, labda ndiyo maana yamepona. Itabidi nirudie mwakani." Akatazama tena. "Lakini tuta ni moja, udongo mmoja, baridi moja, kwa hiyo si joto la upande wa kulia. Hili nitaliandika kama lilivyo."

Akainuka, akamkumbatia shangazi yake kwa mikono yenye tope, na Verediana akalia wazi bila kujificha.

Ambrosi alikuwa amechuchumaa, akilishika jani moja la kijani kwa vidole viwili.

"Kinyungu changu kimeungua chote," alisema bila kuinua uso. "Tangu juzi. Sijamwambia hata mke wangu. Mimi nilitaka miti ili nisipande tena nikaja kulia."

Hakuna aliyemcheka. Verediana alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaenda kuchuchumaa kando yake.

"Mwakani tutapanda mbegu za homoni kwenye vinyungu vyote viwili, shemeji," alisema. "Changu na chako."