Kompresa ya Sabini na Sita

Ilikuwa siku ya tatu nimejikunja chini ya boneti ya gari la baba mkwe, na mgongo wangu ulishaanza kuomba kustaafu. Wenye maonyesho ya magari ya zamani walikuwa wameleta fomu: kila kifaa cha kiyoyozi kiandikwe kama ni cha kiwandani au kimebadilishwa, na mwenye gari aweke sahihi. Akidanganya, anatolewa mbele za watu.

"Andika vyote vya kiwandani tukapumzike," alisema mzee, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Tangu anipe binti yake nausikia wimbo huo: gari lake alilonunua jipya, la mwaka sabini na nne, halijaguswa na bisibisi ya mtu.

"Nimechoka, baba, lakini macho bado yako kazini."

Kisanduku cha baridi chini ya dashibodi kilikuwa na karatasi yake ya kiwanda, imekauka kama ganda la kitunguu. Mabomba nayo yalikuwa na vibano vya zamani. Nikafika kwenye kompresa, pampu ya kiyoyozi. Nikasugua chaki kwenye kibati chake, nikapangusa kwa kidole, tarakimu za mwaka zikabaki nyeupe.

Sabini na sita.

Nikasugua tena, nikitumaini chaki ndiyo yenye makosa.

"Mbona kimya?"

"Baba, kompresa hii ni mdogo wake gari kwa miaka miwili."

Mzee akavaa miwani, akainama, akatazama. Akarudi kwenye ndoo. Nilimwonea huruma, nusu ya heshima yake mtaani inatembea kwa magurudumu manne.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akalitua.

"Niliibadilisha mimi."

"Wewe?"

"Mwaka ulipovunjika mguu. Miezi mitatu umelazwa, ulidhani nakuja na basi?"

"Hukujua kuendesha."

"Sikujua. Ndiyo maana nilifunga vioo, watu wasisikie ninavyojitukana. Ukifunga vioo bila kiyoyozi unaiva. Nikakiwasha kila siku mpaka kompresa ikakwama, fundi akafunga nyingine. Wewe ukarudi na magongo yako, unawaambia wageni gari halijaguswa. Ningeanzia wapi?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Ulikuja nalo kila siku?"

"Jumapili mara mbili."

"Tunaweza kuandika haijulikani," nikasema. Ukweni mtu hujifunza uoga wa kila namna.

Mzee alinyoosha mkono apewe fomu, akaiweka juu ya goti, akaandika mwenyewe polepole: imebadilishwa. Palikuwa na nafasi ya jina la aliyebadilisha. Akaandika: mke wangu.

Mama mkwe akabeba beseni lake, akaenda kuanika.

"Ile rediata ndogo ya kiyoyozi, ya mbele, umeiangalia?" mzee akaniuliza.

"Bado."

"Basi inama, mwanangu."